Tuta la bwawa la mtaa wetu limeanza kulowa upande wa nje: je, tuliinue ili tupate maji mengi ya kuvulia?

Katibu wa Mtaa aliuliza:

Hamjambo nyote. Mimi ni katibu wa chama cha wakazi wa mtaa mmoja ulioko ukingoni mwa Nairobi, upande wa Kahawa, katika ardhi ambayo zamani ilikuwa shamba la mibuni. Shamba hilo lilipogawanywa kuwa viwanja, bondeni lilibaki bwawa dogo la udongo ambalo wenye shamba walikuwa wakichota maji yake ya kumwagilia na kuoshea kahawa. Sisi tulionunua viwanja tulirithi bwawa pamoja na tuta lake, ingawa wakati ule hakuna aliyetueleza kwamba tuta nalo lina matunzo yake.

Maji yanafunika takriban ekari mbili, na kina chake kwa wastani ni mita moja na nusu. Tuta lina urefu wa hatua 70 kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na sehemu yake ya juu kabisa inafika mita nne hivi. Upande wa nje imeota mikaratusi tisa, na mikubwa kati yake mtu mmoja hawezi kuikumbatia. Ndani ya maji mna perege wengi na kambare wachache, na kila Jumamosi na Jumapili watu kama ishirini huja na fito zao, wengine wakiwa na watoto, wakalipa shilingi 200 kila mmoja na kukaa kimya ukingoni mpaka jioni. Fedha hizo ndizo zinazomlipa mlinzi na kununua vifaranga. Nasema kwa dhati kwamba hakuna mahali pengine katika mtaa wetu ambapo kijana wa miaka kumi na tano na mzee aliyestaafu huketi kwenye benchi moja kwa saa tatu bila ya mmoja kumchoka mwenzake.

Sasa kuna mambo mawili. La kwanza ni kwamba tangu mvua za masika zilipokwisha, chini ya tuta upande wa nje pana sehemu yenye upana wa mkeka ambayo haikauki, na nyasi zake ni mbichi wakati kwingine kote zimekwisha kukauka. La pili ni kwamba nusu ya kamati inataka tulete malori ya udongo mwekundu tuliinue tuta kwa mita moja, ili maji yaongezeke, samaki wanenepe, na pengine tupate mashua mbili za kukodisha. Niongeze kwamba mwaka jana tuliweka wavu wa chuma kwenye mfereji unaotoa maji ya ziada pembeni mwa tuta, kwa sababu samaki walikuwa wakitoroka wakati wa mvua, na mbele ya wavu huo tukapanga magunia ya mchanga yaliyopandisha maji kwa futi moja hivi.

Je, ulowevu huo ni wa kutisha? Kuliinua tuta ni jambo la busara? Na tumwone nani? Mkutano mkuu ni mwisho wa mwezi, na ni mimi nitakayesimama mbele ya wanachama kueleza.

Fundi wa Matuta alijibu:

Bwana Katibu, nimejenga na kukarabati mabwawa ya mashamba kwa miaka mingi, Machakos, Laikipia na huko huko Kiambu, na ningekuomba usiendelee kusoma jibu langu kabla hujamtuma mlinzi aende akaondoe wavu na magunia. Swali ulilolitilia uzito ni la ulowevu, lakini jambo lililonifanya niketi wima ni lile ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni dogo.

Tuta la udongo lililojengwa vizuri linaweza kuyazuia maji kwa miaka mia, lakini haliwezi kuvumilia maji yanayopita juu yake hata kwa saa chache. Maji yakishavuka kilele huteremka kwa kasi upande wa nje, yakachimba udongo kuanzia chini yakirudi juu, mpaka kilele kinakatika na bwawa zima linatoka kwa mara moja. Ndiyo maana kila bwawa la udongo hupewa mfereji pembeni, ambao sisi mafundi huuita spilwei, ili maji ya ziada yapite kwenye ardhi ngumu isiyochimbwa wala kujazwa, mbali na tuta lenyewe. Mfereji huo ndio uhai wa bwawa. Ukiuwekea wavu, mvua kubwa ya kwanza italeta mifuko ya plastiki, majani ya mikaratusi na magugu, na kwa nusu saa wavu utakuwa ukuta. Ukiongeza magunia yanayopandisha maji kwa futi moja, umeshaila nafasi iliyoachwa kati ya uso wa maji na kilele, ambayo katika bwawa kama hilo haifai kupungua mita moja.

Naomba sasa tufanye hesabu pamoja, maana ndiyo utakayowasomea wanachama wako. Ekari mbili ni mita za mraba 8,100 hivi, na kwa kina cha mita moja na nusu bwawa lenu lina mita za ujazo kama 12,000. Tuseme mteremko unaolimwagia maji ni hekta 80. Mvua ya milimita 60 kwa usiku mmoja, ambayo kwa Nairobi ya mwezi wa Aprili si ajabu, huangusha juu ya mteremko huo mita za ujazo 48,000. Wakati wa kahawa, udongo mwekundu wenye matandazo ulinyonya sehemu kubwa ya maji hayo, na labda moja ya tano tu ndiyo iliyofika bondeni. Leo pana mabati, lami na vibaraza vya saruji, na nusu nzima inaweza kuteremka. Hiyo ni mita za ujazo 24,000, yaani mabwawa mawili kama lenu yanayotaka kupita katika usiku mmoja. Yakiteremka kwa muda wa saa mbili, ni zaidi ya mita tatu za ujazo kwa kila sekunde. Mfereji wenye upana wa mita mbili, maji yakiwa na kina cha sentimita 40, hautoi hata mita moja ya ujazo kwa sekunde. Bwawa lenu ni lile lile lililojengwa na wenye kahawa, ila kilima kilicho juu yake kimekuwa kilima kingine, na mfereji uliowatosha wao hauwatoshi ninyi.

Kwa hiyo, kuhusu kuinua tuta, jibu langu ni hapana, na ningelitoa hata kama pasingekuwa na ulowevu wowote. Wanakamati wanadhani ni kumwaga udongo juu na kuushindilia. Tuta la udongo lina miteremko yake, upande wa maji kwa kawaida ni mita tatu za ulalo kwa mita moja ya kimo, na upande wa nje mbili na nusu kwa moja, hivyo ukiongeza kimo kwa mita moja, kitako chote kinapaswa kupanuka kwa mita tano na nusu. Udongo mpya lazima ufungwe na wa zamani kwa ngazi zilizochimbwa, ushindiliwe kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likiwa na unyevu wa kadiri. Isitoshe, maji yakipanda, shinikizo linalosukuma yale yanayovuja nalo hupanda. Kazi ya namna hiyo huandikwa na mhandisi aliyesajiliwa na kuombewa kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na NEMA, yaani mamlaka ya mazingira, nao wahusishwe. Nisingependa mtu yeyote aione kama urasimu. Bwawa la Patel kule Solai, Nakuru, lilikuwa la udongo na la mtu binafsi, na lilipopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 liliua watu zaidi ya 40 waliokuwa majumbani mwao.

Udongo wenyewe hauna lawama. Ndakaini, ambako Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake, ni tuta la udongo lenye kimo cha zaidi ya mita 60. Lakini hata mabwawa yenye wahandisi wake huonja taabu pale pale kwenye maji ya ziada. Sasumua, ambalo nalo hulisha jiji, mfereji wake wa maji ya ziada uliharibiwa na mvua za mwaka 2003.

Sasa ulowevu. Tuta lolote la udongo hupitisha maji kidogo, hivyo kulowa peke yake hakutoshi kukutia hofu. Chunguza rangi ya maji na wingi wake. Chukua chupa safi ya kioo, chimba kishimo kidogo mahali maji yanapojikusanya, kisha chota polepole bila kutibua na uiache chupa dirishani usiku kucha. Ikiwa asubuhi maji ni maangavu na chini hapana kitu, una muda wa kutengeneza. Ikiwa chini pamelala tope laini, basi maji yanabeba udongo kutoka ndani ya tuta, njia inachimbwa, na njia ya namna hiyo huanza kama sindano ikaishia kuwa pango. Rudia siku kavu na siku iliyofuata mvua. Zaidi ya yote, mtu asije akapaziba kwa udongo wa mfinyanzi. Nimeona watu wema wakifanya hivyo, nayo maji yakatafuta mlango mwingine mahali wasipoweza kupaona. Dawa ya dharura ni kupatandikia chujio, yaani mchanga msafi kwanza, kokoto juu yake, kisha mawe ya kukandamiza, ili maji yaendelee kutoka na udongo ubaki.

Mfugaji wa Samaki, Ruai alijibu:

Ninakubaliana na Mzee Fundi kuhusu tuta, nami niongeze upande wa samaki, kwa sababu naona kamati inataka kujenga ukuta wa gharama ili itatue tatizo ambalo ukuta hauwezi kulitatua.

Perege wenu hawanenepi kwa sababu ni wengi mno. Perege huanza kuzaa akiwa bado mdogo, jike hubeba mayai na vifaranga kinywani, na huweza kurudia mara kadhaa kwa mwaka, hivyo bwawa lisilovunwa hujaa samaki wa ukubwa wa kiganja ambao wanagombania chakula kile kile. Tena hapa Nairobi tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na mwezi wa Juni na Julai maji yakipoa chini ya nyuzi 20, perege hula kidogo na karibu anaacha kukua kabisa. Maji yakiongezwa kina hayapati joto, na chakula cha asili cha perege hukua kwenye maji ya juu yanayofikiwa na mwanga. Kina cha mita moja na nusu kinamtosha.

Kinachohitajika ni kuvua zaidi. Ikiwa wavuvi wenu wana desturi ya kuwarudisha wadogo majini na kuondoka na wakubwa, wanafanya kinyume cha linalotakiwa. Wawaondoe wadogo kwa wingi, hata kwa ndoo, na kwa muda fulani wawaache wakubwa. Wale kambare wachache ni wasaidizi wenu kwa kuwa hula vifaranga, nanyi mnaweza kuongeza wengine kidogo. Kuhusu wanaotoroka wakati wa mvua, waacheni. Bwawa lenye perege waliozidi halipungukiwi na kitu kwa kupoteza mia mbili, na vifaranga wa kurudishia hasara hiyo bei yake haikaribii bei ya tuta. Ila msilete kapu, yaani samaki anayeitwa carp kwa Kiingereza, wala aina yoyote ya kigeni bila ya kuwauliza maafisa wa uvuvi. Kapu hufukua matope na kuchafua maji. Kamba wekundu wa Louisiana, walioletwa Naivasha miaka ya 1970, huchimba mashimo kingoni, na bwawa lenye tuta la udongo ndilo la mwisho linalopaswa kukaribisha mnyama mwenye tabia hiyo.

Jambo moja la kuangalia: mlinzi apite saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijatoka. Akiwakuta samaki wamejaa juu wakipanua vinywa, hewa imepungua majini, na siku hiyo msitupe chakula hata kidogo.

Jirani wa Bondeni alijibu:

Bwana Katibu, nimesoma swali lako mara mbili nikitafuta mahali ulipowataja watu wanaoishi chini ya tuta, sijapaona. Sisemi kwa hasira. Mimi naishi katika bonde jingine la Nairobi, chini ya bwawa kama lenu, na najua kwamba aliye juu huona maji, nasi wa chini huona tuta tu, lenye miti na mbuzi wanaokula juu yake, kama kilima kingine chochote.

Mkijadili kuliinua, kuliteremsha au kuliacha, tuiteni. Katika mvua za Aprili na Mei 2024 wengi wetu tulijifunza kwamba maji ya Nairobi hupanda usiku watu wakiwa wamelala, na ujumbe wa simu uliotumwa kwa watu wa mtaa wa juu peke yao haukutusaidia. Kwetu tuliomba vitu vitatu tu. Nguzo iliyopakwa rangi ndani ya maji, nyeupe hadi mahali pa kawaida na nyekundu juu yake. Orodha ya namba za simu za nyumba zote za bondeni, ikae kwa mlinzi wala isikae ofisini. Na filimbi. Mlinzi akiona maji yamegusa rangi nyekundu anapiga filimbi kwanza, simu baadaye, maana simu ya saa nane usiku huenda imezimwa. Watoto wetu wanavuka kijito kwenda shule, nao wameambiwa kwamba filimbi ikilia hakuna kuvuka.

Katibu wa Mtaa alirejea:

Mzee Fundi, shikamoo, na wengine nawashukuru. Wavu na magunia yameondolewa jioni ile ile. Nyuma ya wavu tulikuta kile ulichokisema, mifuko, chupa, gome la mkaratusi na kiatu cha mtoto, vimeshikana kiasi kwamba ilibidi tutumie jembe.

Nimefanya jaribio la chupa mara tatu. Mbili za siku kavu zilikuwa safi. Ya tatu niliichota asubuhi baada ya manyunyu ya usiku, nikaiweka dirishani jikoni, na kulipokucha chini palikuwa na tabaka jembamba la tope jekundu, unene wa ukucha. Nilipoitikisa maji yote yaligeuka rangi ya chai. Mke wangu aliniuliza ni kitu gani, na nilipomweleza hakusema neno, akaihamisha chupa na kuiweka mezani mahali ambapo kila anayeingia ataiona.

Mama wa bondeni, umenigusa mahali panapouma, kwa kuwa ni kweli sikuwaza. Nimeteremka mwenyewe. Kuna nyumba 23 kati ya tuta na barabara, na wenyewe hawakujua kwamba upande wa pili kuna samaki.

Nina maswali mawili. Bwawa hili halina bomba la kutolea maji, au kama lilikuwapo limezikwa. Tutayapunguza vipi? Na mikaratusi, tuikate mara moja?

Fundi wa Matuta alijibu:

Marahaba. Tabaka la unene wa ukucha linatosha kunifanya niseme maji yashuke wiki hii, kabla ya vuli.

Hamhitaji kuchimba tuta, na nakusihi asije mtu mwenye trakta akashauri kulikata. Tumieni mpira mnene wa maji, wa inchi nne au sita, upite juu ya kilele, ncha moja ikiwa ndani ya bwawa na nyingine ikiwa chini zaidi upande wa nje. Ujazeni maji ukiwa umezibwa ncha zote mbili, kisha zibueni kwa pamoja, nao utajivuta wenyewe bila ya pampu wala mafuta. Katika mwinuko wa Nairobi hewa ni nyepesi kuliko pwani, hivyo msitarajie uvute maji kuvuka kimo kinachozidi mita tano, lakini kwenu kilele hakiko mbali na uso wa maji, kwa hiyo utafanya kazi bila shida. Ncha ya nje iishie kwenye mawe, tena ndani ya kijito, isimwage kwenye mteremko wa tuta.

Teremsheni kwa sentimita 15 kwa siku, zisizidi. Udongo wa upande wa ndani umelowa mpaka kiini, na maji yaliyokuwa yakiuegemeza yakiondoka ghafla utaporomoka kuingia bwawani. Shukeni mita moja, kisha tulieni. Samaki watabaki na maji ya kuwatosha kwenye sehemu za kina, na huo ndio wakati mzuri wa kuwapunguza kama alivyoshauri ndugu wa Ruai.

Mikaratusi ni jambo la kwenda nalo taratibu. Mizizi ya mti mkubwa imeingia ndani ya tuta, na mti ukikatwa mizizi hufa, ikaoza, ikaacha mabomba matupu ambayo maji yatayatumia. Ukiuacha nao, siku ya upepo mkali huanguka na kung'oa pande la tuta pamoja na shina. Kwa hiyo miche yote yenye unene usiozidi mkono ikateni sasa, na ile mikubwa ingojee mpaka maji yawe chini na mhandisi awepo, ili visiki ving'olewe pamoja na mizizi, na mashimo yajazwe udongo unaoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Baada ya hapo pandeni nyasi za kikuyu, zenye mizizi inayoshika udongo kama zulia. Wakati wa kukata nyasi ndipo mtakapoona mashimo ya fuko. Kila shimo lihesabiwe.

Ukiwa na saa moja ya ziada, waite mafundi wa ujenzi wawili wenye mpira wao mwembamba wa kupimia usawa, mpime kilele chote kila baada ya hatua tano. Utashangaa. Mahali watu wanapopita kila siku hushuka kidogo kidogo, na maji siku yakija hayaulizi wastani wa kilele ni upi, yanapita pale palipo chini.

Mvuvi wa Jumamosi alijibu:

Mimi ni mmoja wa wale wanaolipa shilingi 200, na nimeona ni haki wavuvi nao waseme. Nilikuwa upande wa kuinua tuta. Nilitamani mashua, kwa sababu marehemu baba alinisimulia jinsi alivyoona matanga kwenye Bwawa la Nairobi, lile lililojengwa mwaka 1953 karibu na Kibera, kabla maji yake hayajafunikwa na magugu na uchafu wa mjini. Nilidhani tunaweza kupata kipande cha kitu kile.

Lakini nimesoma jibu la fundi, kisha nikakumbuka jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Nyungunyungu wetu wa chambo tunawachimba wapi? Tunawachimba chini ya tuta, upande wa nje, pale penye ulowevu, kwa sababu hapo ndipo udongo ni laini na wao ni wanene. Nimechimba hapo mwenyewe kwa miaka miwili kwa jembe dogo, mimi na wengine, na kila mmoja wetu huacha shimo lenye kina cha kufika kiwiko cha mkono. Tena fito zetu tunazisimika kwa vigingi vya chuma juu ya kilele, kila mtu mahali pake alipopazoea, na njia ya miguu inayoteremka kutoka hapo hadi majini sisi ndio tuliyoifanya mfereji.

Tumezungumza wavuvi kumi na mmoja jana jioni. Nyungunyungu watafugwa kwenye pipa lenye samadi na maganda ya viazi karibu na kibanda cha mlinzi, na asiyewataka atavua kwa donge la ugali, ambalo perege hulipenda vile vile. Vigingi vitahamia ng'ambo ya pili, kwenye ardhi ya asili, hata kama jua la alasiri litatupiga machoni. Kwa wale tunaotaka kuwarudisha samaki wakubwa tumekubaliana kuzibana kwa koleo chembe za ndoano, yaani vile vimiba vinavyomzuia samaki asichomoke, zisimchane mdomo. Na kila Jumamosi wawili wetu watatembea tuta lote kutoka ng'ambo hadi ng'ambo kabla ya fito ya kwanza kutupwa.

Katibu wa Mtaa alirejea:

Mkutano ulifanyika Jumapili. Nilisoma ile hesabu ya mita za ujazo 24,000 polepole, kisha nikaizungusha chupa ukumbini, ipite mkononi mwa kila mtu. Mzee mmoja aliyekuwa ameongoza hoja ya kuinua tuta aliishika kwa muda mrefu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akauliza tope hili limetoka umbali gani ndani. Nilimjibu kwamba sijui, na kwamba hilo ndilo tunalopaswa kulipa mhandisi atueleze. Hoja iliondolewa na yeye mwenyewe.

Fedha zilizokusudiwa kwa mashua zitakwenda kwa mhandisi na kwa kuupanua mfereji ufike mita nane, kwa kibali. Wakazi wa bondeni walikuwapo tisa, na wawili kati yao sasa wamo katika kamati. Filimbi imenunuliwa. Nguzo itapakwa rangi maji yakishashuka kiasi cha kuufikia mguu wake.

Mpira wa inchi nne uliwekwa Jumatatu, ukazibuliwa saa tatu asubuhi, na kufikia leo Alhamisi maji yameteremka sentimita 52, ndani ya kipimo alichotuwekea Mzee Fundi. Ukingoni pametokeza kitu ambacho hakuna aliyekijua, kichwa cha bomba la zamani la chuma chenye gurudumu la kufungulia, limeshikwa na kutu, mita tatu kando ya mahali panapoelekeana na ulowevu wa upande wa nje. Hatujaligusa. Tumelipiga picha, tukalizungushia kamba, na mhandisi anakuja Jumamosi asubuhi kuliona kabla ya wavuvi hawajafika.